Mwezi iko wapi?

Kuanzia katikati ya mwezi wa tano, kila mwaka, watu hunipigia simu kuniuliza swali moja. "Yaya, mwezi iko wapi?" (Kwetu yaya ni kaka au dada mkubwa, si mlezi wa watoto.) Mtu wa Dar es Salaam angeanza kwa kusahihisha sarufi. Mimi hutoka nje, nasimama kwenye ngazi za nyumba yetu hapa Nguba, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, natazama ng'ambo, upande wa Kamembe, kule mwezi unakochomozea juu ya vilima vya Rwanda. Nikiuona narudi kwenye simu: "Imeshiba. Ngoja kama siku kumi na tano, itakufa." Aliyeuliza amepata jibu lake, lakini nani atakata simu hapo? Lazima aulizie mtoto aliyekuwa anakohoa, kiwanja kilichokuwa na kesi, shemeji aliyegoma kurudi nyumbani. Saa inaisha, na yuniti zake pia.

Wanaouliza ni watu niliosoma nao. Tulimaliza sekondari mwaka 2006, wavulana na wasichana kumi na wanne wa darasa moja, na tangu hapo tunakutana mara moja kwa mwaka kula sambaza. Sherehe yenyewe haina jina. Tunasema tu "sambaza," kama mtu anavyosema "Noeli."

Kwa msomaji wa mbali: sambaza ni samaki mdogo wa Ziwa Kivu, wa urefu wa kidole, mwenye rangi ya fedha. Anakaangwa mzima na kuliwa mzima, kichwa, miiba na mkia. Ukimwona mtu anamtoa sambaza miiba, huyo ni mgeni au ni mgonjwa.

Mmoja wetu aliolewa Dar. Kila mwaka, siku ya sambaza, hututumia picha kutoka soko la samaki la Feri: kamba, pweza, jodari wa kubebwa na watu wawili. Chini anaandika: "Hivi ndivyo vyakula vya baharini, ninyi endeleeni na dagaa wenu." Ni kweli, tuko mita 1,460 juu ya bahari, na wengi wetu bahari hatujaitia machoni. Ila kuna jambo huwa namjibu, na siku hizi amechoka kulisikia. Sambaza ni wa ukoo wa sadini. Wazee wake wa zamani sana walikuwa watu wa maji ya chumvi. Kitaalamu anaitwa Limnothrissa miodon, na hata Kivu si kwao. Kwao ni Tanganyika. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, vifaranga vilichukuliwa Tanganyika vikamwagwa huku kwetu, kwa sababu katikati ya Kivu hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea majini. Walileta aina mbili. Moja ilishindwa, huyu mmoja akabaki, akazaa, akalijaza ziwa.

Peke yake asingefika. Mto Ruzizi unatoka Kivu kwenda Tanganyika, na njiani unateremka karibu mita 700 kwa maporomoko. Samaki wa kidole kimoja hapandi ngazi ya namna hiyo. Ndiyo maana mwenzetu wa Uvira, tunayemwita Mtu wa Uvira hata mbele ya mkewe, kila mwaka hula sahani mbili kisha hutangaza: "Munakula bajomba yangu." Kwao Uvira samaki hawa huuzwa pamoja na ndugu zao kwa jina la ndagala, na hakuna atakayemshawishi kwamba waliohamia mlimani ni watamu kuliko waliobaki nyumbani.

Sasa, habari ya mwezi.

Sambaza mchana hukaa chini. Si chini sana: Kivu ina kina cha mita 485, lakini huko chini hamna hewa, kuna gesi, ikiwemo ile methani inayozungumzwa kila mara, na samaki wanaishi kwenye tabaka la juu. Usiku wanapanda kufuata chakula. Wavuvi wanatoka jioni na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu umening'inia katikati, na taa. Zamani zilikuwa taa za mafuta, siku hizi ni za betri. Taa inavuta vijidudu, vijidudu vinavuta sambaza, wavu unapandishwa. Lakini mwezi ukiwa mkubwa, ziwa zima linakuwa taa. Samaki hana sababu ya kuja kwenye taa yako. Wavuvi wengi hulala kwao siku hizo, wanatengeneza nyavu, na sokoni bei inapanda mpaka mama wa nyumba anageuza njia kwenda kwenye maharage.

Sisi hatukujua hayo tulipoanza. Julai 2006 tulikuwa tumemaliza Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, matokeo bado, na mji umejaa picha za wagombea maana uchaguzi ulikuwa tarehe 30. Baba wa mmoja wetu alikuwa na mitumbwi. Asubuhi moja alitukuta tumekaa ufukweni bila kazi, akatusukumia beseni zima. "Mulishakula bitabu ya kutosha. Leo mukule samaki." Tulikaanga palepale, kwa mafuta ya kukopa. Mwaka uliofuata tukarudi tarehe ileile, tumejipanga, tumenunua na kasiksi, pombe ya ndizi. Ziwa lilikuwa tupu. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Alituonyesha mwezi, ambao bado siku chache ujae, akasema mwaka jana tulikuja na giza bila kujua. Ukitaka sambaza, usifuate kalenda ya ukutani.

Kanuni ikawa hiyo: Jumamosi iliyo karibu zaidi na giza la mwezi katika Julai. Inaonekana rahisi. Lakini miezi kumi na miwili ya angani ni mifupi kuliko mwaka wa ukutani kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo tarehe inarudi nyuma, inarudi nyuma, halafu inaruka. Mwaka 2022 mwezi ulikufa tarehe 28 Julai, 2023 tarehe 17, 2024 tarehe 5, 2025 ukaruka mpaka tarehe 24. Hakuna anayeweza kuiweka kichwani. Waislamu wa Bukavu wanatuelewa haraka kuliko wengine, wao wamezoea sikukuu inayotembea.

Mwaka 2017 nilijifanya mtu wa maendeleo. Nilikuwa nimeanza kazi ya uhasibu, kila kitu nakiona kwa safu na mistari. Nikapendekeza: kwa nini tusumbuane? Tuweke Jumamosi ya pili ya Julai, kila mtu atume mchango kwa simu, samaki wanunuliwe mapema, wawekwe kwenye friza. Wote walikubali siku moja. Watu hawa hawajawahi kukubaliana hata juu ya chumvi. Ule wepesi ulipaswa kunitisha.

Jumamosi ile ilikuwa tarehe 8 Julai, na mwezi ulijaa kesho yake. Sambaza hakuna. Friza nililotegemea lilikuwa la mtu mwingine, na umeme ulikuwa wa kubahatisha kama kawaida, kwa hiyo akiba yangu ilikuwa imeharibika siku tatu kabla. Tulinunua tomsoni wa barafu, wale wanaotoka Atlantiki ndani ya makatoni. Ndiyo mara pekee ambapo sherehe yetu imekuwa na samaki wa baharini kweli. Wa Dar alifurahi sana. Tulikuja tisa, tukala vizuri, sitasema uongo, na saa kumi jioni kila mtu alikuwa ameshaondoka.

Mwaka 2018 Jumamosi ya pili ilikuwa tarehe 14. Tulikuja watano. Wengine walitoa sababu ya mpira, kwamba siku hiyo Ubelgiji inacheza na Uingereza kuwania nafasi ya tatu ya Kombe la Dunia, na huku kwetu Lukaku ni mtoto wa nyumbani hata akivaa jezi ya nani. Nilikasirika kwa mpira. Baadaye ndipo nilipoangalia: mwezi ulikuwa umekufa tarehe 13. Kwa bahati tu, bila mtu kupanga, tulikuwa na usiku mweusi kuliko wote, na asubuhi ile ufukwe ulikuwa umejaa mabeseni ya sambaza. Samaki walikuwepo. Watu hawakuwepo. Hakuna aliyekuwa amempigia mwenzake simu, maana tarehe ilijulikana na mchango ulishatumwa. Ya kuulizana yalikuwa yamekwisha.

Wiki mbili baadaye nilikutana na Fundi, mmoja wetu, kwenye foleni ya pikipiki pale Place de l'Indépendance. Nikaanza kumlaumu kwa kutokuja. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mama yake alifariki mwezi wa tano, wakamzika Walungu. Sisi sote kumi na watatu hakuna aliyejua. Mama yule alikuwa ametupikia sombe (kisamvu) miaka sita, alikuwa anatuita wote kwa majina ya nyumbani. Kwetu mtu anaweza kukusamehe deni, anaweza kukusamehe hata tusi. Kutoonekana kilioni ni habari nyingine. Nilirudi nyumbani kwa miguu, mlima wote, nikihesabu: mwezi wa tano. Ule mwezi ambao zamani tulikuwa tunapigiana simu usiku.

Sikuwa na uso wa kuitisha chochote mwaka uliofuata. Basi Mei 2019, saa tatu usiku, simu ikalia. Ni Fundi. "Yaya, mwezi iko wapi?" Nilitoka nje kwenye ngazi. Kulikuwa na mawingu, sikuona kitu. Nikamwambia naiona.

Ngoja nieleze siku yenyewe inavyokwenda, maana nimeandika sana juu ya simu na bado sijamfikisha mtu ufukweni.

Saa kumi na mbili asubuhi wawili wetu wanateremka. Mitumbwi inarudi na wavuvi wanaimba, si kwa furaha hasa, wimbo ndio unaopanga makasia. Mama wauzaji wanakuwa wameshafika kabla yetu na wanajua bei kuliko sisi. Tunamtuma Mama Mapacha, mwenzetu anayevuka kutoka Kamembe, kwa kuwa mimi nikiitwa "mwanangu" mara mbili nalipa bei ya kwanza. Yeye huingiza mkono mpaka chini ya beseni, anatoa wa chini, anawanusa. Wa juu ni wa maonyesho. Sambaza mzuri anang'aa, ni mgumu, na magamba yake yanakuganda mkononi mpaka jioni unaonekana kama umeshika vumbi la fedha.

Nyumbani tunakaa duara na mabeseni katikati. Wapo wanaosema sambaza haoshwi tumbo. Sisi tunambinya, mmoja mmoja, kwa kidole gumba, na beseni kubwa linachukua saa mbili. Hakuna anayeruhusiwa kuleta mfanyakazi wa nyumbani, wala kuja saa saba akiwa amevaa suti na chupa ya mvinyo mkononi. Mwaka mmoja mtu alikuja hivyo. Alipewa kisu na vitunguu kilo tano.

Nimeona kwamba mambo mazito yanasemwa hapo, kabla ya chakula. Vidole vina kazi, macho yako kwenye samaki, hakuna anayekutazama usoni. Mwenzetu mmoja alitueleza ndoa yake ilivyovunjika akiwa na sambaza kama mia tatu mbele yake, na alipomaliza tu kueleza, samaki nao walikuwa wamekwisha. Hakuna aliyesema pole kwa wakati ule. Mtu alimsogezea beseni jingine.

Kisha maji matatu, kisha wanachujwa mpaka wakauke kabisa, maana sambaza mwenye maji akiingia kwenye mafuta, mafuta yanakutafuta uso. Limau, chumvi. Hapa kuna vita ya kudumu. Mtu wa Uvira anataka wapakwe unga wa mahindi kidogo. Mama Mapacha anasema unga ni wa kuficha samaki mbaya. Mafuta ni ya mawese, yachemke mpaka rangi iwe nyepesi, na moto ni wa makala. (Wasomaji wa Kenya na Tanzania: kwetu makala ni mkaa. Kwa hiyo ninaposema naandika makala, mama yangu huuliza ninaandikia nini, ukuta?) Wanakaangwa kidogo kidogo. Ukiwatikisa kwenye kichungi wakalia kama majani makavu, wameiva. Bugali wa muhogo, ndizi, pilipili iliyotwangwa na limau, mananasi ya kisiwa cha Idjwi kwa yule ambaye mdomo unawaka. Kula kwenyewe ni nusu saa.

Mara moja tulikutana mwezi ukiwa mzima, na hatukulalamika. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na tarehe 27 wakuu wakaamuru sehemu kubwa ya Goma ihame. Watu walijazana kwenye boti kuja Bukavu. Sekretere, ambaye ndiye aliyekuwa anaandika majina ya wapiga kelele darasani, alishuka bandarini na mkewe, watoto watatu na godoro. Tulikuwa tumesimama pale tangu alfajiri. Mwezi ulikuwa umejaa jana yake tu, ziwa jeupe kama sahani, sambaza wabichi hakuna mji mzima. Tulipika wakavu. Watoto wake walilala kwangu, na mdogo aliniuliza kama huku nako kuna mlima unaotapika. Nikamwambia hapana. Sikumwambia habari ya tetemeko la Februari 2008, lililopasua ukuta uleule aliouegemea. Wiki chache baadaye walirudi Goma, na Julai mwezi ulikufa Jumamosi yenyewe, tarehe 10, bila hata ya kubishana. Akaja peke yake kwa boti, akala kama anayelipiza kisasi.

Mwaka 2025 Goma iliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi wa kwanza, Bukavu mwezi wa pili. Mengine yameandikwa na watu wengine, na mimi naishi hapa. Nitasema la kwetu tu: benki zilifungwa, na kundi letu likatawanyika kama mchele uliomwagika. Sekretere yuko Kampala. Wawili wako Bujumbura. Fundi alikwenda Uvira, kwa yule yule mtetezi wa unga. Wawili kati ya wale kumi na wanne walishatangulia kabla ya haya yote, kwa magonjwa ya kawaida, na siku nyingine nawaonea wivu kwa kutoona. Mwezi wa tano nilijisemea kwamba mwaka huu simu haitalia. Ililia tarehe 11, kutoka Kampala, na mwezi ulikuwa unaelekea kujaa. "Huku nauona," alisema. "Huko iko wapi?" Nikatoka nje kuangalia, kana kwamba ni mwezi mwingine.

Tarehe 26 Julai tulikuwa wanne hapa Nguba, na sambaza wa kutosha sahani nne. Uvira walikaanga ndagala, Kampala mukene, Dar dagaa, safari hii bila picha za pweza. Mtandao ulikuwa dhaifu, picha inaganda, uso wa mtu unabaki mdomo wazi dakika nzima. Mama Mapacha akasema tuzime picha. Kila mtu aweke simu karibu na sufuria. Ndivyo tulivyofanya. Dakika kadhaa hakuna aliyezungumza, tulisikiliza tu mafuta ya miji minne yakilia kwa pamoja, na Mtu wa Uvira akakohoa akasema ya kwake inalia vizuri zaidi kwa sababu ya unga.

Mwaka 2026 mwezi unakufa Jumanne, tarehe 14 Julai. Jumamosi ya karibu zaidi ni tarehe 11, siku tatu kabla. Tarehe 18 ni siku nne baada. Kanuni iko wazi, au mimi niliona iko wazi. Fundi anasema 2019 tulikutana na jambo hilihili, giza la tarehe 2, tukachukua Jumamosi ya baada. Nimemjibu kwamba mwaka ule Jumamosi ya kabla iliangukia Juni, ndiyo maana. Mama Mapacha anaunga mkono tarehe 11, kwa hoja kwamba mwezi unaokufa huchomoza alfajiri wakati wavu umeshapandishwa mara nyingi, ila mwezi mchanga wa tarehe 18 utawakalia wavuvi usoni jioni yote. Mtu wa Uvira anataka 18, sababu hatoi. Sekretere ameniandikia ujumbe mrefu wa kurasa mbili, sijaumaliza. Na sasa hivi, ninapoandika, simu inawaka tena mezani, namba ya Bujumbura.